Nyonga 149, Mapaja Mawili: Kupima Faida na Hatari ya Dawa za Mifupa

"Daktari, si nasikia dawa hizi ndizo zinazovunja mifupa?" Swali hili huulizwa Nairobi na Dar es Salaam kama linavyoulizwa London na Chicago, na mara nyingi mwulizaji ni mtu ambaye ameshavunjika mara moja. Cheti cha dawa anacho mkononi. Amesoma, au amesomewa na mwanawe kwenye simu, kwamba vidonge hivyo huozesha taya na kukata paja, na sasa anataka kuelezwa kwa nini mganga wa mifupa anampa kitu cha namna hiyo.

Jibu la haki lina pande mbili, na mhadhara huu hautaficha hata mmoja. Zipo dawa za mifupa ambazo zimevunja mapaja ya watu wachache na kuharibu mataya ya wachache zaidi. Dawa hizo hizo zimeokoa nyonga na migongo ya wengi. Anayesikia upande mmoja tu ataamua vibaya, awe amesikia ule wa matangazo ya biashara au ule wa hofu. Linalotakiwa ni kujua ngapi kwa ngapi, na kwa nani.

Mfupa ni kiungo hai. Ndani yake zimo seli zinazokula mfupa wa zamani, osteoklasti, na nyingine zinazojenga mpya, osteoblasti. Ujanani ujenzi hauachwi nyuma. Hedhi inapokoma na homoni ya estrojeni kushuka, ulaji hushinda ujenzi, na mwanamke anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uzito wa mifupa yake bila kusikia maumivu yoyote. Hali hiyo ndiyo madaktari wanayoiita osteoporosisi. Wanaume nao huipata, ila kwa kawaida huchelewa.

Dalili ya kwanza kwa wengi ni kuvunjika kwenyewe: kifundo cha mkono baada ya kuteleza uani, pingili ya mgongo iliyobonyea baada ya kuinua ndoo. Takriban theluthi mbili ya mivunjiko ya pingili haitambuliwi inapotokea. Nyumbani husemwa bibi amefupika, mgongo umepinda, ndio uzee huo. Nyonga haijifichi hivyo. Katika nchi nyingi zilizoweka takwimu, kati ya wazee watano wanaovunjika nyonga, mmoja au zaidi hufariki kabla mwaka haujaisha, na wengi wanaobaki hawaurudii mwendo waliokuwa nao. Hesabu yoyote ya hatari za dawa inapaswa kuanzia hapo, kwa sababu mgonjwa hachagui kati ya dawa na usalama. Anachagua kati ya hatari ya dawa na hatari ya mfupa ulioachwa kama ulivyo.

Dawa zinazotumika zaidi huitwa bisfosfoneti, na asili yake ni ya ajabu kidogo. Miaka ya 1960 mtafiti Herbert Fleisch, nchini Uswisi, alikuwa akichunguza kemikali za mwilini zinazozuia chumvi za kalsiamu zisigande. Viwandani kemikali za jamii hiyo zilikuwa zikitumika kuzuia ukoko wa chokaa kwenye maji na mabomba. Fleisch na wenzake walitafuta ya aina hiyo ambayo mwili hauwezi kuivunjavunja, wakapata dawa inayong'ang'ania mfupa. Osteoklasti inapokuja kula sehemu hiyo, humeza dawa pamoja na mfupa na kulemaa. Na kwa kuwa dawa imeshikamana na mfupa, hubaki humo kwa miaka hata baada ya mtu kuacha kuimeza. Sifa hiyo moja ndiyo chanzo cha faida yake, chanzo cha madhara yake, na sababu ya kuweza kuipumzisha bila kinga kutoweka mara moja.

Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha alendroneti, kidonge cha kampuni ya Merck kilichouzwa kwa jina la Fosamax. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 2,027 ambao tayari pingili zao zilikuwa zimevunjika. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitatu hivi, picha za eksirei zilionyesha mivunjiko mipya ya pingili kwa wanawake 15 katika kila 100 wasiopata dawa, na 8 katika kila 100 walioipata. Nyonga zilizovunjika zilikuwa 2.2 katika 100 upande mmoja na 1.1 upande wa pili.

Hapa msomaji asimame kidogo. Matokeo hayo ya nyonga yanaweza kutajwa kwa njia mbili, na zote ni kweli. Ya kwanza: dawa inapunguza mivunjiko ya nyonga kwa nusu. Ya pili: ukiwatibu wanawake 100 kwa miaka mitatu, nyonga moja inaokolewa. Muuzaji wa dawa atakupa ya kwanza, mwenye kuipinga atakupa ya pili. Daktari anayemheshimu mgonjwa humpa zote mbili, kisha humkumbusha zile pingili: katika wanawake 100 hao hao, saba wameepuka mvunjiko wa mgongo.

Tawi la pili la utafiti huo, lililotoka mwaka 1998, lina funzo kubwa zaidi ingawa halitajwi sana. Lilihusu wanawake 4,432 wenye mifupa iliyopungua lakini ambao pingili zao zilikuwa nzima. Wale ambao kipimo cha mfupa wa nyonga kilikuwa kimeshuka hadi −2.5 au chini zaidi walifaidika waziwazi. Kwa miaka minne hivi, waliovunjika mfupa wowote kwa dalili walikuwa asilimia 19.6 bila dawa na 13.1 kwa dawa, maana yake wanawake 15 wakitumia dawa, mmoja anaokolewa na mvunjiko. Wale ambao mifupa ilikuwa imepungua kidogo tu hawakuonekana kufaidika kabisa. Kidonge kilikuwa kile kile, watafiti wale wale, miaka ile ile. Kilichotofautiana ni mfupa wa aliyemeza.

Namba hiyo ya −2.5 ilitoka kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Hulinganisha mfupa wa mtu na wa mwanamke kijana mwenye afya. Kwenye mstari huo au chini yake ni osteoporosisi. Kati ya −1 na −2.5 pakawekwa jina jingine, osteopenia, ambalo wataalamu waliokutana Roma mwaka 1992 walilihitaji kwa ajili ya utafiti. Lakini jina likishatolewa hupata wateja. Mwaka 1995 Merck ilianzisha taasisi ya kueneza upimaji wa mifupa, vimashine vidogo vya bei nafuu vikasambaa kwenye vyumba vya madaktari, na wanawake wengi wa miaka ya hamsini, wazima wa afya, wakatoka humo na neno osteopenia na cheti cha vidonge. Lile lilikuwa kosa. Watu walipewa hatari ya dawa bila kupewa faida yake, na hasira iliyozuka baadaye ilianza kulimbikizwa siku hizo.

Madhara ya kwanza kutikisa watu yalikuwa ya taya. Mwaka 2003 Robert Marx, mpasuaji wa kinywa huko Miami, aliripoti wagonjwa 36 ambao mfupa wa taya ulikuwa umefichuka ukagoma kupona. Wengi wao walikuwa na saratani, na walikuwa wakitundikiwa dripu za bisfosfoneti kwa dozi kubwa na za mara kwa mara. Kwa dozi ndogo za osteoporosisi, makadirio ya wataalamu ni kati ya mtu 1 katika 100,000 na 1 katika 10,000 kwa mwaka. Hatari hiyo hupungua kwa jambo jepesi: kumwona daktari wa meno kabla ya kuanza. Jino bovu ling'olewe kwanza na kidonda kipone, ndipo dawa ianze. Ushauri huu una uzito zaidi kwetu, kwa sababu wengi huenda kwa daktari wa meno siku ya kung'oa tu.

Kisha likaja la paja. Mwaka 2006 jarida moja la tiba ya wazee lilichapisha kisa cha mwanamke wa miaka 59, mzima, aliyekuwa ametumia alendroneti kwa miaka mingi. Alikuwa amesimama ndani ya treni ya chini ya ardhi jijini New York. Treni ikatikisika, akaegemea mguu mmoja, akasikia mfupa wa paja ukivunjika, ndipo akaanguka. Alivunjika kwanza, akaanguka baadaye. Madaktari wengine nao walianza kuona mivunjiko ya aina hiyo: katikati ya paja, mahali ambapo mfupa una nguvu zaidi, umekatika karibu kwa mstari ulionyooka. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mfupa ambao ulaji wake umezuiwa kwa muda mrefu haujifanyii tena ukarabati wa nyufa ndogo ndogo za kila siku. Nyufa hujilimbikiza upande wa nje wa paja, unaobeba mvuto mkubwa, mpaka mfupa unaachia. Oktoba 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza onyo liandikwe kwenye vijikaratasi vya dawa hizi zote.

Kwa miaka kumi mjadala uliendelea bila takwimu za kutosha. Mwaka 2020 zikapatikana, kutoka kumbukumbu za kusini mwa California za Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya. Wanawake 196,129 wenye miaka 50 na kuendelea walifuatiliwa, na mapaja yaliyovunjika kwa namna ile yalikuwa 277. Hatari ilipanda kadiri miaka ya kutumia dawa ilivyoongezeka. Waliotumia miaka mitatu hadi mitano walikuwa na hatari karibu mara tisa ya waliotumia chini ya miezi mitatu. Waliofikisha miaka minane na zaidi, mara 43. Vichwa vya habari hupenda namba ya namna hiyo. Lakini mara 43 ya kitu kidogo mno bado inaweza kuwa kitu kidogo, na watafiti walifanya hesabu iliyobaki: wanawake weupe 10,000 wakitibiwa kwa miaka mitatu, nyonga 149 zinaokolewa na mapaja 2 yanavunjika kwa sababu ya dawa.

Nyonga 149, mapaja mawili.

Kwa wanawake wa asili ya Asia hesabu ilikuwa nyingine: nyonga 91 zilizookolewa, mapaja 8 yaliyovunjika. Faida bado inaizidi hatari, lakini pengo ni dogo zaidi. Kundi lililoitwa la Waasia kule California lilichanganya watu wa nchi nyingi. Hata hivyo, msomaji wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi ana haki ya kumtajia daktari wake matokeo hayo. Na jambo moja la kutia moyo lilionekana: dawa ikisimamishwa, hatari ya paja hushuka haraka.

Kabla hesabu hiyo haijatoka, watu walikuwa wameshaamua. Kati ya mwaka 2008 na 2012 matumizi ya vidonge hivi nchini Marekani yalipungua kwa zaidi ya nusu. Mivunjiko ya nyonga kwa wanawake wazee wa nchi hiyo, iliyokuwa ikipungua mwaka hadi mwaka tangu 2002, iliacha kupungua baada ya 2012. Haiwezi kusemwa kwa uhakika kwamba jambo moja lilisababisha la pili. Mienendo kama hiyo ina sababu nyingi. Lakini kila anayejua dawa hizi zinafanya nini aliona hesabu hiyo kwa uchungu, maana miongoni mwa walioacha walikuwamo waliokuwa wakizihitaji kuliko wote. Waliotishika walichanganyika na wale ambao hawakupaswa kuanza, na makundi yote mawili yakatoka kwa mlango mmoja.

Je, hesabu ya California inatuhusu sisi? Kwa sehemu, na ni vizuri kuisema sehemu yenyewe. Tafiti kubwa za dawa hizi zilifanywa zaidi kwa wanawake weupe wa Marekani na Ulaya. Nchi za Skandinavia zina viwango vya juu kabisa vya mivunjiko ya nyonga duniani, na viwango vilivyoripotiwa Afrika kusini mwa Sahara viko chini sana ya hivyo. Faida ya dawa hutegemea hatari aliyo nayo mtu kabla ya kuimeza. Pale ambapo nyonga chache zinavunjika, nyonga chache zitaokolewa. Kwa hiyo kumwandikia vidonge kila mwanamke wa Afrika Mashariki aliyefikisha miaka 60 kungekuwa kurudia kosa la osteopenia kwa gharama ya watu wenye kipato kidogo zaidi.

Lakini aliyekwisha kuvunjika hayumo tena kwenye wastani huo. Mwanamke wa miaka 68 aliyeanguka kutoka kimo chake mwenyewe, akavunjika nyonga au pingili, ameshaonyesha mfupa wake ulivyo, na rangi ya ngozi yake haibadilishi jambo hilo. Mashine za kupima uzito wa mifupa ni chache katika nchi zetu na nyingi ziko miji mikubwa. Historia ya kuvunjika haihitaji mashine. Daktari akiuliza, "Mama, umewahi kuvunjika tangu uvuke miaka hamsini? Ulianguka kutoka wapi?", amepata nusu ya anachokitafuta bila gharama yoyote.

Wapo wengine wa kuangaliwa kwa karibu: wanaomeza prednisoloni kwa miezi mfululizo kwa ajili ya pumu, baridi yabisi au lupasi, waliokoma hedhi kabla ya miaka 45 au kutolewa ovari, waliokonda sana, wavutaji sigara, ambao mama au baba yao alivunjika nyonga. Na kwa kuwa mamilioni ya watu wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaishi vizuri na virusi vya UKIMWI kwa sababu ya dawa, ifahamike kwamba tenofovir, iliyomo katika vidonge vingi vya ARV, hupunguza uzito wa mifupa kidogo, hasa mwaka wa kwanza au wa pili. Hilo ni la kumwambia daktari, basi. Kuacha ARV kwa kuogopea mifupa ni hatari kubwa kuliko mvunjiko wowote unaotajwa katika mhadhara huu.

Tuseme mama amekubali kidonge. Alendroneti ya miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki, na namna ya kuimeza ni nusu ya tiba yenyewe, kwa sababu chini ya asilimia moja tu ya dawa ndiyo hupenya kuingia mwilini, hata pale kila kitu kinapofanywa sawasawa. Siku iliyochaguliwa, asubuhi, kabla ya kitu chochote kuingia tumboni, humezwa na bilauri nzima ya maji matupu. Chai ya maziwa haifai, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa huishika dawa isipenye. Kahawa na sharubati nazo hazifai, wala vidonge vya kalsiamu au dawa ya kiungulia havimezwi wakati huo. Kisha mtu hukaa wima au hutembea kwa nusu saa nzima asirudi kulala, kwa sababu kidonge kikirudi juu kikakaa kwenye umio huuchoma. Kwa anayeswali, ni busara kumaliza swala ya alfajiri kwanza, ili asiwe na haja ya kusujudu ndani ya nusu saa hiyo. Mwezi wa Ramadhani, anayeruhusiwa na daktari kufunga anaweza kuamka nusu saa kabla ya daku. Hayo ni mambo madogo, lakini sehemu kubwa ya "dawa imenishinda" huanzia kwenye chai iliyonywewa dakika kumi kabla ya wakati na kitanda kilichorudiwa mapema. Mwenye ugonjwa wa umio, au asiyeweza kukaa wima nusu saa, hapaswi kupewa kidonge hiki. Wa figo zilizochoka sana naye hapaswi kupewa, na ndiyo maana kipimo cha damu cha figo hutangulia.

Kwa wasioweza kidonge kuna dripu ya asidi ya zoledroniki, ya jamii hiyo hiyo, inayotolewa mara moja kwa mwaka kwa dakika zisizopungua 15. Utafiti wa mwaka 2007 wa wanawake 7,765 ulionyesha mivunjiko ya pingili ikishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 3.3 kwa miaka mitatu, na ya nyonga kutoka 2.5 hadi 1.4. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo uliwahusu watu 2,127 waliotoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Waliofariki katika kipindi cha utafiti walikuwa asilimia 13.3 bila dawa na 9.6 kwa dawa. Homa na maumivu ya mwili siku mbili tatu baada ya dripu ya kwanza ni jambo la kawaida, na parasetamoli husaidia. Katika utafiti wa kwanza mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ya kiwango kikubwa, yaliongezeka kutoka asilimia 0.5 hadi 1.3, utafiti wa pili haukuiona tofauti hiyo. Kwa nchi ambamo mgonjwa husafiri mbali kufuata dawa, dripu moja kwa mwaka ina mantiki kubwa kuliko vidonge 52, na ni vizuri madaktari wetu wakaifikiria mapema zaidi.

Dawa ya kusemwa kwa uangalifu kuliko zote ni denosumabu, sindano ya chini ya ngozi ya kila miezi sita, inayouzwa kwa jina la Prolia. Nguvu yake haina shaka: katika utafiti wa mwaka 2009 wa wanawake 7,868 ilishusha mivunjiko ya pingili kutoka asilimia 7.2 hadi 2.3. Lakini hii haishikamani na mfupa. Muda wake ukipita, osteoklasti hurudi kwa kasi kuliko mwanzo, na wapo wagonjwa ambao pingili kadhaa zimevunjika kwa mpigo miezi michache baada ya kuchelewesha sindano au kuiacha bila kupewa dawa nyingine ya kuifuatia. Sasa fikiria mama aliyeanzishiwa sindano hii Muscat, London au Minneapolis, akaamua kurudi kuishi Pemba au Lamu karibu na ndugu zake. Kabla ya kukata tiketi, jambo la mifupa liwe limezungumzwa: sindano itapatikana wapi, na kama haitapatikana, dripu ya zoledroniki itolewe lini ili kushika nafasi yake. Watoto walio ughaibuni walichukue hili kama jukumu lao. Na mwenye figo zilizoharibika sana, hasa anayesafishwa damu, ajue kwamba Januari 2024 Marekani iliweka onyo kali kabisa kwenye dawa hii kwa sababu inaweza kushusha kalsiamu ya damu hadi kiwango cha hatari.

Nyingine zitajwe kwa ufupi. Homoni za estrojeni na projestini zilipungukiwa na heshima mwaka 2002, utafiti wa wanawake 16,608 uliposimamishwa mapema: ziliokoa nyonga, lakini kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka saratani za matiti ziliongezeka 8 na viharusi 8, huku nyonga zilizookolewa zikiwa 5. Teriparataidi, sindano ya kila siku inayojenga mfupa, ilibeba onyo la saratani ya mifupa iliyoonekana kwa panya tangu 2002; onyo hilo liliondolewa mwaka 2020 baada ya ufuatiliaji wa miaka mingi wa watu waliotumia. Romosozumabu ya mwaka 2019 nayo hujenga, ila haifai kwa aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni. Zote mbili ni ghali mno kwa wengi wetu.

Vidonge vya vitamini D, ambavyo wengi hudhani ni mbadala usio na madhara, havikuzuia mivunjiko katika utafiti wa Wamarekani 25,871 uliotoka mwaka 2022, watu ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu. Mwenye upungufu atibiwe upungufu wake, na kabla ya dripu au sindano hilo ni lazima. Lakini dagaa, uji wa ulezi na jua la asubuhi havitibu mfupa uliokwisha kuvunjika, hata kama vina faida nyingine nyingi.

Limebaki la muda. Mwaka 2006 utafiti wa wanawake 1,099 waliokuwa wametumia alendroneti kwa miaka mitano hivi uliwagawa: wengine waendelee mitano tena, wengine waache. Mivunjiko ya jumla haikutofautiana sana. Mivunjiko ya pingili yenye maumivu ilikuwa asilimia 2.4 kwa walioendelea na 5.3 kwa walioacha. Ndipo ukazaliwa utaratibu wa mapumziko: baada ya miaka mitano ya vidonge au mitatu ya dripu, daktari na mgonjwa hukaa chini tena. Ambaye hatari yake si kubwa hupumzika kwa miaka kadhaa, dawa iliyobaki mfupani ikiendelea kumkinga, na hatari ya paja ikishuka. Aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili, au ambaye mfupa wake bado uko chini sana, huendelea. Mapumziko haya ni ya bisfosfoneti peke yake. Denosumabu haina mapumziko.

Kasoro kubwa katika nchi zetu haiko kwenye madhara ya dawa hizi. Iko kwenye wodi ya mifupa, ambako mzee huwekewa chuma au plasta, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na hakuna aliyetaja mvunjiko wa pili. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa waliokaa kwenye benchi la wodi hiyo wasiondoke bila kuuliza mambo matatu: mfupa huu ulivunjika kwa sababu ni dhaifu? Kama ndiyo, dawa gani itaanza, na lini? Nani ataangalia figo, kalsiamu na meno kabla haijaanza? Na yeyote ambaye ameshatumia vidonge hivi kwa miaka, akaanza kusikia maumivu ya paja au kinena yasiyoisha, asisubiri na asijikande kwa dawa ya kuchua. Aende akapigwe eksirei ya mapaja yote mawili, na amtajie daktari jina la dawa na idadi ya miaka aliyoitumia.